Mchicha Ndio Unaolipa Pampu

Tanki la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, vitanda vitatu vya kokoto, pampu moja ndogo na mabomba machache: hivyo ndivyo vifaa vya akwaponiki ya nyumbani. Sato wanaishi ndani ya tanki, mchicha na nanaa vinaota kwenye kokoto, na maji yale yale yanazunguka baina yao usiku na mchana. Mgeni akiletwa uani kuuona mtambo huu atasifu ukijani wa majani, atachungulia samaki, kisha atauliza swali ambalo kila mtu huuliza: hela yake inarudi?

Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano wa nyumba ya Dar es Salaam, mstari kwa mstari. Lakini niseme mapema ninachoamini. Watu wawili wanaweza kununua matanki ya aina moja na pampu ya aina moja kwa siku moja. Mmoja akaendelea kuvuna mwaka baada ya mwaka, mwingine akauza vizimba kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla mwaka haujaisha. Kinachowatenganisha ni ufundi, na kila kipengele cha ufundi huo kina bei inayoweza kuandikwa kwenye daftari.

Tuanze na yanayotokea ndani ya maji. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yao. Ikirundikana huwaua. Mfugaji wa kawaida humwaga maji na kuweka mengine. Hapa maji hupandishwa kwenye kokoto, ambako bakteria wamejishikiza juu ya kila jiwe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, chakula cha mmea. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyeeleza karibu mwaka 1890 namna bakteria hawa wanavyoishi kwa kazi hiyo. Mizizi hunyonya nitreti, na maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa. Kinachoongezwa tankini ni cha kufidia yale yaliyonyonywa na mimea na yaliyopotea kwa mvuke.

Aliyeigeuza elimu hiyo kuwa kazi yenye vipimo ni James Rakocy wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, katika kisiwa cha St. Croix huko Karibi, kisiwa chenye shida ya maji baridi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa takriban miaka 30, alipima uwiano mmoja ambao ndio moyo wa ufundi huu: gramu ngapi za chakula cha samaki kwa siku zinalisha mita ngapi za mraba za mboga. Mtambo wake ulikuwa na matanki manne ya samaki waliopishana umri, kiasi kwamba kila baada ya wiki sita tanki moja lilivunwa na mengine yakaendelea kulisha mboga. Huko Marekani bara, Mark McMurtry alijaribu vitanda vya mchanga katika miaka hiyo hiyo ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom na Paula Speraneo wa Missouri wakaweka kokoto mahali pa mchanga. Kitanda cha kokoto kinachoonekana leo uani kwa watu kimetokana na mikono ya hao. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa mitambo midogo. Humo kipimo cha mboga za majani ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Sasa twende kwenye ujenzi. Fundi mwenye macho huanza na jiwe. Kabla hajanunua kokoto, huchukua chache, akaziosha, akazidondoshea siki. Zikitoa mapovu, zina chokaa, na chokaa hiyo itayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji na kuyafanya yawe na ualikali. Hapo madini ya chuma hayatanyonyeka tena na mizizi, majani machanga yatakuwa ya njano, na mwenye mtambo atahangaika na mbolea wakati ugonjwa umo ndani ya kitanda chenyewe. Pwani yetu ina mawe mengi ya chokaa, yale yale yanayosagwa kuwa saruji kule Wazo. Kwa hiyo mjenzi makini wa Dar es Salaam atatafuta kokoto ngumu zinazoletwa kutoka Lugoba. Chupa moja ya siki humwokoa na kazi ya kufukua vitanda vitatu na kuanza upya.

Gharama za kuanzia tuziweke hivi kwa makadirio: matanki matatu ya mtumba kwa shilingi 150,000 kila moja, ambapo moja linabaki zima kwa ajili ya samaki na mawili yanakatwa kati kupata vitanda vitatu na beseni la kukusanyia maji, pampu 80,000, kokoto 80,000, mabomba, koki na gundi 90,000, matofali na mbao za kuinulia vitanda 100,000. Jumla ni shilingi 800,000, na mikono ya kujenga ni ya mwenye nyumba mwenyewe. Matanki yawe yale yaliyobeba vyakula, kama mafuta ya kula au sharubati. Lililobeba kemikali halifai hata likitolewa bure.

Kinachonivutia kuliko vyote katika ujenzi huu ni sifoni ya kengele. Kitanda kinatakiwa kijae maji kisha kikauke, tena na tena, ili mizizi inywe kisha ipumue. Mtu angeweza kununua kifaa cha umeme cha kufungua na kufunga maji. Fundi anafanya kazi hiyo kwa vipande vitatu vya bomba la plastiki. Bomba jembamba linasimama wima ndani ya kitanda, mdomo wake ukiwa sentimita tano hivi chini ya uso wa kokoto. Juu yake linafunikwa bomba pana lililozibwa kichwani na kukatwa meno chini. Kuzunguka yote mawili kuna bomba la tatu lenye matundu, la kuzuia kokoto. Maji yanapanda hadi yafike mdomo wa bomba jembamba, yanaanza kumwagikia ndani, yanasukuma hewa nje, na ghafla kitanda chote kinanyonywa kwa kasi. Maji yakishuka hadi kwenye meno, hewa inaingia, mnyonyo unakatika, na kitanda kinaanza kujaa tena. Hakuna kinachosogea isipokuwa maji, na hakuna senti ya umeme inayoongezeka.

Kuirekebisha sifoni hiyo kunahitaji subira ya kweli. Maji yakiingia kitandani polepole mno, yatachuruzika kwenye bomba bila kuanzisha mnyonyo. Yakiingia kwa kasi mno, mnyonyo hautakatika kamwe. Fundi hukaa na koki, akaigeuza kidogo, akangoja mzunguko mzima, akageuza tena. Wengine huweka mdomo mpana juu ya bomba la ndani ili maji yaporomoke kwa pamoja, wengine huweka kiwiko chini ya kitanda. Akishaipata, inaweza kwenda miezi bila kuguswa. Zile sentimita tano kavu juu ya kokoto nazo zina maana: ukungu wa kijani hauoti mahali pasipo na maji, na shina la mboga halioi.

Baada ya ujenzi huja kungoja, na hapa ndipo wengi huanguka. Mtambo mpya hauna bakteria wa kutosha. Mwenye ujuzi huuwasha bila samaki, akaweka amonia kidogo, akapima kwa matone yanayobadili rangi. Amonia inapanda, kisha inashuka. Nitriti inapanda, kisha nayo inashuka. Mwishowe inabaki nitreti peke yake. Kazi hiyo huchukua wiki tatu hadi sita, na joto letu huiharakisha. Akipata ndoo ya kokoto kutoka kwenye mtambo mkongwe, bakteria wanakuja nazo na muda unapungua zaidi. Asiyengoja huingiza vifaranga siku ya kwanza, na nitriti huwakuta kabla kundi la pili la bakteria halijazaliana. Vifaranga 60 kwa shilingi 250 ni shilingi 15,000. Kungoja ni bure.

Chakula ndicho mstari mzito kuliko yote upande wa samaki. Tuseme kati ya vifaranga 60 wamefika sokoni 50, kila mmoja gramu 350, baada ya miezi saba. Hizo ni kilo 17.5. Mlishaji mzuri atatumia kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo ya samaki, yaani kilo 28, na kwa shilingi 3,500 kwa kilo anafikia 98,000. Gawanya kilo hizo kwa siku 210 upate wastani wa gramu 133 kwa siku. Vitanda vyetu ni mita tatu za mraba, na kipimo cha FAO kwa mita tatu ni gramu 120 hadi 150. Hesabu ya samaki na hesabu ya mboga zinakutana mahali pamoja, na kukutana huko ndiko mjenzi alikokupanga tangu alipochagua ukubwa wa tanki.

Lakini wastani hauli. Vifaranga wadogo wanakula gramu chache na mboga zinaona njaa. Sato wakubwa wanakula sana na nitreti inazidi. Ndiyo sababu mjuzi huweka vifaranga kwa mafungu yaliyopishana, akiwatenga wadogo kwa wavu, ili chakula kinachoingia mtamboni kisipande na kushuka mno. Na kila anapolisha anasimama kutazama, kama mama anavyomtazama mtoto anayekula. Sato mwenye afya huja juu kwa nguvu. Akichelewa, kuna jambo: joto limeshuka kama ilivyo katika kipupwe cha Juni na Julai, au hewa imepungua majini, au nitriti imepanda. Kilichobaki baada ya robo saa hutolewa kwa chujio, na kesho kipimo hupunguzwa. Mlishaji mzembe hutumia kilo 2.2 kwa kilo moja ya samaki badala ya 1.6, na tofauti hiyo katika mavuno yetu ni karibu shilingi 37,000, mbali na maji yaliyochafuka. Wapo wanaopunguza gharama kwa kuotesha azola kwenye beseni la pembeni au kufuga funza wa nzi chuma kwa mabaki ya jikoni. Ni akili njema, mradi mizani itumike.

Umeme nao una adabu yake. Pampu ya wati 40 ikienda saa zote hutumia uniti 29 hivi kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida, ambayo shilingi 1,000 hununua uniti zisizofika tatu, hizo ni kama shilingi 10,000. Nyumba iliyozoea bei nafuu ya walio chini ya uniti 75 kwa mwezi iangalie vizuri, kwa sababu pampu inaweza kuivusha mpaka huo. Hapa mjenzi mzuri huonekana kwa urefu anaoinulia maji. Akipanga vitanda chini kadiri inavyowezekana na kutumia mabomba mapana yenye kona chache, pampu ya wati 25 inaweza kutosha, na kwa mwaka ameokoa zaidi ya shilingi 40,000. Na kwa kuwa umeme hukatika, huweka samaki wachache kuliko tanki linavyoweza kubeba, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Tanki lililojaa samaki huishiwa hewa upesi. Lenye nafasi humpa mwenye nyumba muda wa kuamka na kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu.

Kazi ya bakteria pia huongeza uchachu wa maji siku hadi siku. Samaki, mimea na bakteria wanaelewana vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7. Ikishuka zaidi, bakteria huzorota na amonia hurudi. Mtu wa pwani ana dawa karibu: mfuko wa wavu wenye makombe yaliyopondwa, unaoning'inizwa mahali maji yanapopita na kutolewa pH ikisharudi. Chokaa ile ile iliyokataliwa siku ya ujenzi inakaribishwa sasa, kwa sababu ipo ndani ya mfuko na mkono wa mwenye mtambo ndio unaoitawala.

Mboga ndizo mwisho wa kazi na ndizo kipato. Mjuzi hupanda zinazopenda nitreti na kukua upesi: mchicha, matembele, saladi, nanaa, giligilani. Nyanya na pilipili hoho hutaka potasiamu nyingi kuliko iliyomo katika chakula cha samaki, kwa hiyo huziacha kwanza hadi mtambo ukomae na ajue kuongeza kinachopungua. Pembeni huwa na trei ya miche wakati wote, maana kila shina linalong'olewa hubadilishwa siku hiyo hiyo. Pengo kitandani ni hasara ya kimyakimya: pampu inaendelea kula uniti, samaki wanaendelea kula chakula, na nitreti haina wa kuipokea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tulifungue. Sato kilo 17.5 kwa shilingi 10,000 ni 175,000. Toa chakula 98,000, vifaranga 15,000 na umeme wa miezi saba 70,000, jumla 183,000. Samaki wameleta hasara ya shilingi 8,000. Mboga, kwa fungu moja kila siku pamoja na viungo vya kuuza kwa jirani, tuziweke 20,000 kwa mwezi, yaani 140,000 kwa miezi saba. Ukijumlisha yote, mtambo umebakiza 132,000, ambazo kwa mwaka ni kama 226,000. Tenga 40,000 kila mwaka kwa ajili ya pampu itakayochoka, zibaki 186,000. Shilingi 800,000 zinarudi baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Kwa ile pampu ya wati 25, miaka mitatu na nusu. Bei zikibadilika, majibu yatabadilika, lakini umbo la hesabu litabaki: samaki hulipia chakula chao, na mchicha hulipa pampu.

Umbo hilo limeonekana hata mbali sana na pwani yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha mwaka 2015 vipimo vya mtambo mdogo wa Baltimore, Marekani. Kilo moja ya mboga ilihitaji uniti 56 za nishati na lita 104 za maji. Kilo moja ya sato ilihitaji uniti 159 na lita 292. Kwa bei za sokoni mboga ziliacha faida na samaki wakaleta hasara. Kule walipasha maji joto wakati wa baridi kwa sababu sato hupenda nyuzi 27 hadi 30. Mtambo wetu, hata ukiwabebesha samaki umeme wote, unatumia uniti zisizofika 12 kwa kilo. Jua la Dar es Salaam ni mtaji ambao mfugaji wa Baltimore anaulipia. Wa Njombe au Lushoto asiutumie mfano wangu bila kuurekebisha, kwa kuwa katika baridi ya huko sato atakua taratibu zaidi. Utafiti mwingine wa watafiti wale wa Johns Hopkins, uliohoji wazalishaji wa kibiashara 257 wa nchi mbalimbali, ulikuta wasiofika theluthi moja walikuwa wamepata faida katika miezi 12 iliyotangulia, na waliouza pia vifaa na mafunzo walikuwa na nafasi nzuri zaidi. Anayeahidiwa utajiri wa haraka kwa tanki moja na akumbuke tarakimu hizo.

Kuna mstari ambao sikuuandika: mshahara. Nusu saa ya kila siku ya kulisha, kupima, kupanda na kuvuna haimo katika hesabu yangu, na ukimlipa mtu aifanye, faida yote itaishia kwake. Mtambo wa nyumbani unalipa kwa sababu mwenye nyumba anaifanya kazi hiyo mwenyewe na anaipenda.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukiwa mahali pa joto, ukajenga kwa mikono yako na vifaa vya mtumba, ukala au kuuza kila jani, mtambo utarudisha gharama zake kati ya miaka mitatu na mitano, na baada ya hapo utakupa mboga na kitoweo kwa gharama ya chakula, vifaranga, umeme na pampu ya kubadilisha tu. Ukitaka mtu mwingine aujenge na autunze, weka fedha yako kwingine. Nawe uliyeamua kuanza, anza na kitanda kimoja na samaki kumi na tano, nunua daftari kabla ya pampu, andika kila gramu ya chakula na kila fungu la mboga, na usiongeze kitanda cha pili mpaka daftari hilo likuruhusu.